Ukiuliza "watoto wasome pamoja?", Nairobi nzima itasema ndiyo

Simama nje ya lango la shule yoyote ya Nairobi saa tisa na nusu alasiri, uwaulize wazazi waliokuja kuchukua watoto: je, watoto wa rangi zote wasome shule moja? Utarudi na fomu zilizojaa ndiyo. Mama aliyesimama kando ya mkokoteni wa miwa atasema ndiyo. Baba aliyejifungia garini atashusha kioo nusu, aseme ndiyo, akipandishe tena. Wengine watakuongezea hotuba ya bure: sisi sote ni Wakenya, damu ni nyekundu. Jumlisha majibu hayo upate asilimia tamu ya kutangaza kwenye warsha, isiyokuambia lolote kuhusu mtoto wa nani anakaa dawati moja na mtoto wa nani.

Maandishi haya ni ya anayetaka kulipima jambo hili kwa dhati: mwanafunzi wa chuo anayehangaika na tasnifu, mwalimu mkuu anayetaka kujua kwa nini wazazi wa mtaa fulani hawaji kwake, mwanahabari aliyechoka kuripoti maoni ya wapita njia. Msimamo wa mzazi kuhusu kuchanganya watoto hauonekani ukimuuliza kama ni jambo jema. Huonekana ukimuuliza atatoa nini: karo kiasi gani, dakika ngapi ndani ya matatu, nafasi ya mtoto yupi.

Wamarekani waliuliza kabla yetu

Marekani ndiko swali hili limeulizwa kwa muda mrefu, na rekodi yao ina mafunzo hasa pale majibu yanapopingana. Mwaka wa 1942 kituo cha utafiti wa maoni cha NORC kiliwauliza weupe kama wanafunzi weupe na weusi wasome shule zilezile au tofauti. Takriban theluthi moja tu walijibu zilezile. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kesi ya Brown, kwamba kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Miaka ikasonga, idadi ikapanda, na kufikia 1995 asilimia 96 ya weupe walikuwa wanajibu zilezile. Ukiutazama mstari huo peke yake utadhani kazi iliisha.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na maswali mengine kwenye fomu. Moja liliuliza kama serikali ya Washington ihakikishe watoto wanasoma pamoja au isijiingize. Weupe walioitaka serikali ihakikishe walipungua kati ya miaka ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1970, wakati uleule ambapo wanaokubali kanuni ya watoto kusoma pamoja walikuwa wakiongezeka. Jingine lilihusu mabasi: kuwatoa watoto mtaa mmoja na kuwapeleka shule ya mtaa mwingine ili rangi zichanganyike, utaratibu ambao Mahakama ya Juu iliupitisha mwaka wa 1971 katika kesi ya Swann, iliyotoka Charlotte, North Carolina. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 weupe walioyakubali mabasi hawakufika mmoja kati ya watano. Mwaka wa 1974 jaji wa Boston akaamuru wanafunzi wa Roxbury, mtaa wa weusi, na wa South Boston, mtaa wa weupe, wabadilishane shule, na mabasi yaliyobeba watoto weusi yakapokewa kwa mawe. Boston si mji wa Kusini, kulikokuwa na sheria za kutenganisha rangi, na wengi wa waliorusha mawe hayo huenda wangejibu zilezile kama wangeulizwa na mtu mwenye fomu.

Usikimbilie kuwaita wote wanafiki. Hata wazazi weusi waligawanyika kuhusu mabasi, maana mtoto anayeamshwa gizani apande basi ni mtoto wa mtu. Ndiyo maana swali la basi likiachwa peke yake halitoshi: linachanganya rangi na umbali, na mtu akikataa hujui amekataa lipi. Shika hilo, tutalirudia kwenye kadi.

Chombo bora walichotuachia ni ngazi ya Gallup, shirika la kura za maoni. Mzazi huulizwa kama ana pingamizi mwanawe asome mahali ambapo watoto wa rangi nyingine ni wachache. Akisema hana, anaulizwa ikiwa ni nusu. Akisema hana, anaulizwa ikiwa ni zaidi ya nusu. Pingamizi zilikuwa zikiongezeka kila unapopanda kipandio kimoja cha ngazi.

Hapa kwetu rangi ilitolewa, karo ikabaki

Kenya haikuwa na kesi kama ya Brown. Ripoti ya Fraser ya mwaka wa 1909 ilipendekeza kila rangi iwe na elimu yake, Mwafrika akielekezwa kwenye kazi za mikono, na mji ukajengwa kwa mtindo huohuo. Wazungu Muthaiga na Karen, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo na Makongeni. Wavulana wa kizungu walikuwa na Prince of Wales, iliyofunguliwa 1931, na Duke of York ya mwaka wa 1949. Leo hizo ni Nairobi School na Lenana. Duke of Gloucester ilikuwa ya Wahindi, leo ni Jamhuri High. Kijana Mwafrika aliyetaka sekondari alitazama Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926. Shule ya Hospital Hill ilikuwa ya watoto wa rangi zote hata kabla ya uhuru, lakini ndege mmoja haleti masika.

Tume ya elimu ya Profesa Ominde iliteuliwa Desemba 1963, na ripoti yake ya 1964 ikataka utengano wa rangi shuleni ukomeshwe. Ukakomeshwa. Ila majengo, viwanja na maabara zilibaki palepale, na shule zilizokuwa za wazungu zikawa shule za gharama ya juu. Aliyezuiwa na rangi jana akazuiwa na risiti leo. Mtoto wa waziri aliingia. Mtoto wa mtumishi wa nyumba yake aliendelea kutembea kwenda shule ya Eastlands. Sheria tunazo za kutosha sasa: kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayokataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya kabila, rangi, dini au lugha. Kwa hiyo ukimuuliza mzazi wa Nairobi kama watoto watenganishwe kwa rangi, umemuuliza kama anapinga Katiba. Nani atasema anaipinga, tena mbele ya mtu mwenye beji na tableti?

Maneno yatakuangusha kabla ya hesabu

Hapa ndipo tafiti nyingi hufia, na ajabu ni kwamba wenyewe hawajui zimekufa. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza ofisini Kilimani au Westlands, hutafsiriwa usiku mmoja, na kesho yake iko Kayole.

Andika "shule ya mchanganyiko" na mzazi wa Nairobi atakuelewa vizuri sana: unamuuliza kuhusu shule ya wavulana na wasichana. Atakujibu kuhusu mimba na nidhamu. Andika "elimu jumuishi" na mwalimu atafikiri habari ya watoto wenye ulemavu, maana ndivyo neno linavyotumiwa kwenye mafunzo yake. Ukiliacha neno la Kiingereza "integrated", ambalo watu wa mjini wanalisema vilevile, basi Eastleigh na South C watalisikia kama shule inayofundisha mtaala wa serikali pamoja na dini ya Kiislamu. Maana tatu tofauti, na hakuna hata moja uliyoikusudia.

Neno "mbari" linapendwa na kamusi. Kwa Mkikuyu, mbari ni ukoo, wale wa babu mmoja. Mzee wa Dagoretti ukimuuliza kama watoto wa mbari mbalimbali wasome pamoja, atashangaa, halafu akubali, kwa sababu ameoa mbari nyingine na hajawahi kuona tatizo. "Jamii" nayo inabeba familia, kabila, na umma mzima kwa mara moja. "Utangamano" ni neno zuri, lakini limekaa sana kwenye mabango ya tume ya utangamano wa kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Likitajwa tu, mhojiwa anajiweka sawa kama mtu aliyeona kamera.

Hata "rangi" na "kabila" hazikai palepale. Mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa jamii ya 44 nchini. Kwa karatasi za serikali, basi, Mhindi Mkenya ni kabila kama Mturkana au Mtaita. Kwa mama wa Ngara anayenunua kitambaa dukani kwake, ni Mhindi tu. Na Msomali wa Eastleigh, ambaye familia yake ina vizazi vitatu Nairobi, akiulizwa kuhusu rangi hajui kama anaulizwa kuhusu yeye. Dawa ni kuacha majina ya jumla. Usiulize kuhusu "rangi nyingine". Taja watoto wenyewe, kwa maneno ya kawaida ya heshima, na uulize kundi moja kwa wakati mmoja: watoto wa Kizungu, watoto wa Kihindi, watoto wa Kisomali, watoto wa wakimbizi, watoto wa Kiafrika. Orodha iwe ileile kwa kila mhojiwa, ila mpangilio ubadilishwe kwa bahati nasibu, maana la kwanza huwa linapata jibu la heshima kuliko yote.

Jaribu tafsiri yako kwa watu wasiopungua 20 kabla ya kuchapisha. Waambie wakueleze swali kwa maneno yao. Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu watakubali tu wasikuaibishe.

Kuuliza bei

Anza na ngazi, lakini ifungie karo kwanza. Maneno yawe ya mdomoni:

"Mama, tuseme kuna shule mbili, karo ni ileile, mwendo ni uleule, na matokeo ni yaleyale. Shule moja, darasani mwa mtoto wako, watoto wawili watatu ni wa Kihindi. Ungekuwa na shida yoyote?"

Akisema hapana, panda: nusu ya darasa. Kisha: karibu wote, mtoto wako ni kati ya wachache. Kipandio hiki cha tatu ndicho kinachofungua mdomo. Atanyamaza kidogo, arekebishe leso, aulize, "Na watakuwa wanaongea lugha gani wakati wa mapumziko?" Yaandike maneno hayo kama yalivyo. Yana thamani kuliko tiki kumi.

Na usishangae ngazi ikipinduka. Kwa watoto wa Kizungu, mzazi wa Nairobi anaweza kufurahi zaidi kila idadi inapopanda, maana Mzungu darasani anasomwa kama hakikisho la ubora. Tazama mabango ya shule za kibinafsi kando ya barabara uone ni watoto gani wanaowekwa mbele. Kwa watoto wa wakimbizi, ngazi hiyohiyo inaweza kushuka kwa kasi. Ukijumlisha makundi yote kuwa "rangi nyingine", kupanda kutameza kushuka, nawe utaandika kwamba wazazi hawajali. Kosa hilo moja linatosha kuiua ripoti nzima.

Halafu kadi. Hizi ndizo zinazotenganisha rangi na umbali, jambo ambalo swali la basi la Marekani halikuweza. Mwonyeshe mzazi shule mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mambo matano: karo kwa muhula, dakika za kufika, idadi ya wanafunzi darasani, matokeo, na asili ya watoto walio wengi. Kila jambo lichaguliwe kwa bahati nasibu na tableti. Anachagua moja, unampa jozi nyingine, jumla jozi nne au tano. Baadaye unahesabu ni kwa kiasi gani asili ya watoto ilivuta uchaguzi wakati mengine yote yamebadilika huru. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kuikwepa shule fulani bila kusema kwa nini, na moyoni anajiambia ni karo.

Zinapoharibika huharibika hivi. Ukiweka mambo zaidi ya sita, mhojiwa anaanza kutazama karo peke yake. Ukiruhusu bahati nasibu itoe shule ya karo ya milioni iliyo na watoto 90 darasani, anacheka, na baada ya hapo hakuamini tena. Zuia jozi zisizowezekana. Karo iwe ya mkoba wake: viwango vinavyomfaa mzazi wa Lavington vitakuwa kichekesho Mukuru. Na mambo yaandikwe kwa picha na tarakimu kubwa, maana si kila mtu atakuambia kwamba miwani ameiacha.

Kuna pia mbinu ya kuhesabu, kwa yale ambayo watu hawasemi kabisa. Gawanya wahojiwa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza wasomee mambo manne ya shule: basi kuchelewa, sare kuwa na tai, mwalimu kubadilishwa katikati ya muhula, chakula cha mchana kuwa githeri kila siku. Waambie, "Usinitajie ni yapi, niambie tu ni mangapi yanayokukera." Nusu ya pili wapate manne hayohayo na la tano: mtoto wako kukalishwa dawati moja na mtoto wa kundi fulani. Tuseme wastani wa kwanza ni 2.0 na wa pili ni 2.3. Tofauti ya 0.3 ina maana kama watu 30 kati ya 100 wanakerwa na la tano, na hakuna hata mmoja aliyejitaja.

Inapendeza, ila ina njaa ya watu. Kwa wahojiwa 400 kosa la makadirio linaweza kufika pointi 20 za asilimia kila upande, kwa hiyo hiyo 30 yako inaweza kuwa 10 au 50. Kwa 2,000 linashuka hadi kama 9. Mtu aliye na bajeti ya 400 aachane nayo, abaki na kadi. Na hakikisha angalau moja ya yale manne haliwakeri wengi, kama ile tai, la sivyo aliyekerwa na yote atalazimika kusema "matano" na siri imetoka.

Swali la kanuni, kama mfadhili amelishikilia, liweke mwisho kabisa. Likitangulia, mtu akishasema watoto wote ni sawa, atajitahidi majibu yanayofuata yasimsute.

Mlangoni

Kwa asilimia za kawaida, wahojiwa 400 wanakupa kosa la pointi 5 hivi, na 1,000 pointi 3, ikiwa umewachagua kwa haki kote. Nairobi ina watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, wadi 85, na ghorofa ambazo kila anayeishi ndani analipa kodi ileile na kupeleka watoto shule za bei ileile. Ukihoji watu 20 kwenye jengo moja la mtaa wa Pipeline, umemhoji mtu mmoja mara 20. Afadhali vituo 80 vya watu watano kuliko vituo 20 vya watu 20, hata kama nauli inauma.

Upande wa pili ni mageti. Kileleshwa na Muthaiga humpati mzazi, unampata askari, na askari hana mamlaka ila ana maagizo. Wanaokosekana hapo ni walewale wenye shule za karo kubwa, yaani walewale unaowatafuta. Barua kwa chama cha wakazi wiki mbili kabla, na miadi ya simu, huokoa kidogo. Kuwabadilisha na nyumba ya jirani iliyo wazi ni kujidanganya: iliyo wazi mara nyingi amefungua dada wa kazi. Nenda Jumamosi alasiri, au Jumapili baada ya saa nane.

Anayeuliza ana uzito wake. Wamarekani walijua zamani kwamba jibu kuhusu rangi hufuata rangi ya mhojaji, na hapa huongezeka jina. Jina la ukoo kwenye beji linataja kabila kabla mtu hajasema hodi. Andika jina la kwanza tu. Wahojaji wagawiwe nyumba kwa bahati nasibu, na asili ya mhojaji iingizwe kwenye data ili baadaye uone imebadilisha nini. Usiwalipe kwa kila fomu iliyojaa. Malipo ya fomu ndiyo mama wa kupika data: kijana anaketi kibandani na chai, anajaza 12 kabla ya saa sita. Lipa kwa siku, tarajia mahojiano matano au sita, na upigie simu moja katika kila kumi uthibitishe.

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, ni lazima, na chifu apewe taarifa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, rangi na asili ya kikabila ni data nyeti, kwa hiyo idhini iwe wazi, na namba ya simu isikae faili moja na majibu.

Mwisho, safu ya "inategemea". Programu nyingi huja na ndiyo, hapana na sijui, na mhojaji aliyechoka huisukuma "inategemea" kwenye sijui. Huko Nairobi "inategemea" si sijui. Ni mzazi aliyekaribia kukuambia ukweli. Ipe kisanduku chake, na chini yake mstari mmoja wa kuandika inategemea nini. Uking'ang'ana nao utaona wengi hawajibu, wanauliza: karo itapanda? Mwalimu ni nani? Basi litapita wapi? Andika swali la mzazi, na saa aliyoliuliza, ndipo uende kwa swali linalofuata.